Mvuta Mwendo

Mara ya kwanza Sidi Randu alipojaribu kukimbia, hakufika mbali. Alitoka mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, alfajiri pamoja na shoga yake Lynn, leso kaifunga juu ya suruali kwa kuwaonea haya wazee waliokuwa wakitoka msikitini, na kabla hawajaifikia lami kichomi kikamshika ubavuni. Akasimama, akainama, mikono magotini. Lynn naye alikuwa kando ya mtaro akitapika chai. Walipotazamana walianza kucheka, wakacheka hata mpita njia mmoja akawauliza kama walikuwa wamelewa.

"Na ndio tunataka kwenda jeshini," Lynn alisema, akijifuta mdomo.

Wazo la jeshi lilikuwa la Lynn. Yeye alikuwa msusi, amezaliwa Malindi na kukulia papo hapo, ingawa mama yake, Trizah, alitoka bara. Sidi alitoka Ganze, akakaa kwa shangazi yake Kahonzi na kumsaidia kukaanga viazi vya karai kando ya barabara. Vyumba vyao vilitazamana katika ploti moja, bomba lao lilikuwa moja, na katika miaka waliyokaa pale walikuwa wameazimana nguo hadi wakasahau ipi ilikuwa ya nani. Sidi alipougua malaria, Lynn ndiye aliyemfulia na kumlazimisha kunywa uji.

Basi Lynn aliposema kwamba vijana wataandikwa jeshi mwaka huo, na kwamba wasichana nao wanatakiwa, Sidi hakufikiria sana. Kuna jambo aliwahi kuliona kwao Ganze wakati wa kiangazi kikali. Lori la jeshi lilileta maji, na dereva alikuwa mwanamke. Wanaume wa kijiji walimwambia lori halitapita kwenye vichaka vile. Yule mama alirudi kwenye usukani. Alilirudisha nyuma taratibu, akalipitisha kati ya miiba, akashuka na kuanza kuvuta mpira wa maji. Sidi alikuwa bado shuleni. Tangu siku ile alijua anachokitaka, ila hakujua mlango wake uko wapi.

Mlango ukawa mjomba wa Lynn. Peterson Gachanja, kaka yake Trizah, aliwahi kuwa mwanajeshi mpaka goti lilipomharibikia, na sasa alikuwa msimamizi wa walinzi katika hoteli moja ya ufuoni. Mtaa mzima ulimwita Afande. Aliposikia kuwa wasichana wawili wametapika kabla ya kufika lami, alikuja mwenyewe pale ploti, akavuta kigoda akaketi.

"Shikamoo, Afande," Sidi alimwamkia.

"Marahaba. Nani aliwaambia mwanzo wa kukimbia ni kukimbia?"

Lynn akamtazama Sidi.

"Mwanzo wa kukimbia ni kutembea," akasema. "Kesho mje ufuoni, maji yakiwa yametoka. Na msinywe chai."

Akawafunza kama mtu anavyomfunza mtoto kusimama dede. Walikimbia kutoka kwenye jiwe hadi kwenye shina la mkoko lililotupwa na bahari, kisha wakatembea hadi wapumue vizuri, kisha wakakimbia tena. Aliwakataza mchanga laini mpaka miguu izoee. Sidi alipoumwa na miundi alimpumzisha, akamwonyesha jinsi ya kuikanda kwa maji ya chumvi. Kulikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku.

"Ukikimbia na huwezi kuzungumza, basi unakwenda mbio kuliko mwili wako. Zungumzeni! Nataka kuwasikia mkisengenya watu."

Nao wakazungumza. Mwanzoni maneno yalitoka vipande vipande, kisha yakawa marefu, na baada ya miezi kadhaa waliweza kusimuliana habari nzima kutoka upande mmoja wa ufuo hadi mwingine. Ni kwenye mbio zile ambapo Sidi alimwambia Lynn habari ambazo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba alichumbiwa na kijana aitwaye Dena, kwamba Dena alimwacha akamwoa binamu yake Sidi, na kwamba siku ya harusi yeye Sidi ndiye aliyepika. Wakaendelea kukimbia, miguu yao ikipiga mchanga sawasawa.

"Mimi nisingepika," Lynn alisema mwishowe. "Ningetia mchanga kwenye wali."

Kadiri siku zilivyokwenda, ikaonekana kuwa Sidi alikuwa na kitu ambacho Lynn hakuwa nacho. Mwendo wake haukuyumba. Lynn alianza kwa kasi kisha akazima. Sidi alishika mwendo mmoja, na ungeweza kumwacha hivyo ukaenda sokoni na kurudi ukamkuta vilevile. Afande aliliona hilo mapema.

"Sidi, wewe kaa mbele," alisema. "Lynn, mfuate nyuma, usimwache. Mwenzio anakuvuta."

Ikawa desturi. Sidi mbele, upepo wa kusi ukimpiga usoni, na Lynn nyuma yake amejificha. Mara mojamoja, wanapokaribia kumaliza, Sidi alihisi miguu yake inamwomba ruhusa. Alikuwa akianza kuongeza kasi, na hapo hapo filimbi ya Afande ililia.

"Rudi! Nani kakutuma? Mnamaliza pamoja. Jeshini hatumwachi mtu nyuma."

Sidi alirudi. Aliona ni neno zuri, kutomwacha mtu nyuma. Alilirudia kwa shangazi yake jioni wakimenya viazi.

"Na yeye Lynn, akikutangulia, hupigiwa filimbi?" Kahonzi aliuliza.

"Hajawahi kunitangulia, shangazi."

Kahonzi akasema "Haya," akaendelea kumenya.

Siku zile zile Lynn alianza kukosekana jioni. Alisema anamsaidia mama yake dukani. Sidi hakuona ajabu. Alikuwa na karai lake la kukaangia, na kila usiku alilala miguu ikiwaka raha, akijua kwamba kila alfajiri alikuwa anakaribia kitu.

Siku ya kuandikwa, uwanja ulijaa tangu mapema. Vijana walikuwa wamepanga mistari, wengi miguu mitupu, wengine wamevaa raba zilizoazimwa. Wazazi walisimama nje ya ua wa waya. Maafisa walikuwa watulivu, wakaeleza kila kitu waziwazi: wasichana wote wanakimbia pamoja, wanauzunguka uwanja mpaka waambiwe mzunguko wa mwisho, na wa mbele tu ndio watakaoendelea na vipimo vingine. Mstari utakapokatwa, aliye nje aende nyumbani bila ubishi.

Afande aliwaita kwenye waya kabla hawajaingia mstarini. Akashika vidole vya Sidi kupitia matundu.

"Sikiliza, Sidi. Fanya kama ufuoni. Shika mbele, mvute mwenzio, msichoke mapema. Mkifika kona ya mwisho msikurupuke. Nitapiga filimbi. Ukiisikia, ndipo mmalize, nyote wawili, kwa nguvu zote zilizobaki. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Afande."

"Kabla ya filimbi usiongeze. Utaharibu."

Lynn alikuwa akifunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

Mbio zilipoanza wasichana wengi waliruka kama waliofukuzwa na nyuki, na Sidi akawaacha waende. Alijua. Mzunguko mmoja tu, wakaanza kurudi mmoja mmoja, vinywa wazi, mikono ubavuni. Sidi aliwapita bila kubadilisha chochote. Nyuma yake alisikia pumzi ya Lynn, ile pumzi aliyoijua kama sauti ya mlango wa chumba chake. Afisa aliyesimama katikati akapaza sauti kwamba huu ndio mzunguko wa mwisho.

Wakaifikia kona. Mbele yao palikuwa na kundi dogo la wasichana. Nyuma yao jingine, linakuja. Sidi aligeuza macho kwenye waya akamwona Afande, filimbi mdomoni. Akasubiri. Miguu yake ilikuwa tayari, ilikuwa inaomba. Afande alikuwa akimtazama yeye hasa, mashavu yametulia, hayakujaa.

Hapo Lynn akampita.

Hakumpita kwa kuchechemea kama mtu anayejikaza. Alimpita kwa hatua ndefu, mikono imekunjwa sawa, kichwa chini, mwendo ambao Sidi hakuwahi kumwona nao hata siku moja. Sidi aliwaza: filimbi imelia, mimi sikuisikia. Akatega sikio. Wasichana wawili wa nyuma wakampita pia, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ndipo akaelewa kwamba hakukuwa na filimbi yoyote, akakimbia, akakimbia kwa nguvu zote alizokuwa amekatazwa miezi yote ile, akampita mmoja wa wale wawili, na alipokuwa akiunyoosha mkono kumfikia wa pili, afisa akashusha mkono wake kati yao.

"Mpaka hapa. Pole, dada. Simama upande huu."

Lynn alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuingia, hatua chache mbele ya ule mkono. Alikuwa amelala kwenye nyasi akihema kama samaki. Sidi alisimama nje ya mstari, na kilichomtisha ni kwamba hakuwa amechoka. Angeweza kuzunguka uwanja tena papo hapo. Nguvu zake zote zilikuwa bado ziko naye, na hakukuwa na mahali pa kuzipeleka.

Alitoka akamwendea Afande.

"Filimbi, Afande."

Peterson alikuwa ameshaitia mfukoni. Alimtazama kama mtu anayetazama saa.

"Mbio ni mbio, binti. Kila mtu anakimbia kwa miguu yake. Nani alikukataza kumaliza?"

"Wewe."

Mzee mmoja aliyesimama karibu akageuka kuwatazama. Peterson akashusha sauti.

"Wewe una umri bado. Mwaka ujao utakuja, utapita bila shida, mimi nimekutengeneza. Usilete kelele hapa."

Sidi hakuleta kelele. Alirudi Kisumu Ndogo kwa miguu. Shangazi yake alipomwona anakuja alizima moto chini ya karai, akamwekea kigoda, na hakuuliza lolote mpaka Sidi alipoanza mwenyewe.

Lynn alipita vipimo vyote. Siku ya pili yake ploti ilinukia pilau. Trizah alialika majirani, redio ikafunguliwa, na watoto wakakimbia huku na huku wakipiga saluti. Trizah alikuja mlangoni kwa Kahonzi na sahani iliyofunikwa.

"Sidi, mwanangu, njoo ule na sisi. Hata wewe ulimsaidia sana."

Kahonzi akaipokea sahani kwa adabu, akashukuru, akaiweka chini nje ya kizingiti, na hakuiingiza ndani.

Sidi alimkuta Lynn bombani jioni ile, ameinama juu ya ndoo, shela nzuri ya kitenge mabegani. Hakukuwa na mtu mwingine. Lynn alimwona, maji yakajaa ndoo na kumwagika.

"Funga bomba," Sidi alimwambia.

Lynn akafunga.

"Jioni ulikuwa unakwenda wapi?"

"Dukani kwa mama."

"Lynn."

Lynn akakaa juu ya ukingo wa saruji. "Uwanja wa shule," alisema. "Mjomba alikuwa ananifunza kumaliza. Kukimbia kwa kasi mwishoni."

"Tangu lini?"

"Sidi, mimi mwaka ujao umri utakuwa umenipita. Hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Wewe bado unazo. Mjomba alisema bila mtu wa kunivuta siwezi kufika kona, na ukiwa unajua utanikasirikia, utakimbia peke yako."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," Lynn alisema. "Tangu alipokuweka mbele."

Sidi alikumbuka asubuhi zote zile. Alikumbuka habari ya Dena aliyoisema akiwa mbele, bila kuona uso wa mtu aliyekuwa akimsikiliza.

"Ungeniomba," alisema. "Ungesema, Sidi, nivute mpaka kona, mimi nafasi yangu inakwisha. Ningekuvuta. Wallahi ningekuvuta, tena ningekuacha upite nikifurahi."

Lynn akaanza kulia. "Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Sidi alimwinulia ndoo akamtwika kichwani, kwa sababu ndivyo walivyozoea na mikono yake ilifanya bila kumuuliza, kisha akaenda zake. Lynn aliondoka kwenda kwenye mafunzo bila wao kuzungumza tena.

Baada ya hapo Sidi alirudi Ganze. Alisema anakwenda kumsaidia mama yake, Nyevu, na kweli alimsaidia. Mvua zilikuwa hazijanyesha na kisima kilikuwa mbali. Lakini sababu hasa ni kwamba hakuweza kuupita mlango ule kila asubuhi. Simu ya Lynn ilikuja mara kadhaa, jina lake likiwaka kwenye kioo. Sidi aliitazama mpaka ikanyamaza.

Kukimbia nako kulimshinda. Alijaribu, kwenye njia nyekundu ya kwenda kisimani, na kila alipofika mahali pa kuongeza kasi mwili wake ulisita ukisubiri ruhusa. Alikuwa na hasira hata na miguu yake mwenyewe. Siku moja aliketi chini katikati ya njia, akalia kwa sauti, na mama yake aliyekuwa nyuma na dumu lake akamkuta pale.

"Nani anakufukuza?" Nyevu aliuliza.

"Hakuna, mayo."

"Basi nani anakuzuia?"

Mama yake akampita, dumu kichwani, akamwacha hapo akaenda zake nyumbani kupika. Sidi akainuka. Alikimbia kumfuata, akamfikia, akampita, akaendelea mpaka boma la mwisho la kijiji, mpaka mapafu yakamwaka na macho yakaingia giza, na alipoanguka kwenye mchanga alijua kwa mara ya kwanza mwisho wake uko wapi. Ulikuwa mbali sana na pale Afande alipokuwa akipigia filimbi.

Tangu hapo alikimbia peke yake. Watu wa kijiji wakazoea kumwona. Kijana mmoja, Japheth, aliyekuwa akijiandaa kama yeye, alimwomba wafanye mazoezi pamoja.

"Peke yangu naona uvivu," alisema. "Tukiwa wawili tutasaidiana."

"Hapana, asante," Sidi alimjibu, na akabadilisha njia ili asikutane naye.

Mwaka uliofuata uwanja ulikuwa uleule na umati uleule. Sidi alisimama kwenye mstari, amesukwa nywele karibu na kichwa, hakuangalia ua wa waya. Msichana mmoja mwembamba akajisogeza kando yake, miguu mitupu, ametoka vijiji vya ndani huko kama yeye. Sidi alimtambua kwa matamshi alipofungua mdomo.

"Dada, shikamoo. Naitwa Pola. Wewe ulishawahi kukimbia hapa? Mimi sijui nianze vipi, naogopa nitazima. Naomba nikufuate nyuma, unionyeshe mwendo."

Sidi alimsikia vizuri. Alilijua jibu lake pia. Lilikuwa fupi: usikimbie nao mwanzoni, waache waende. Ni maneno hayo tu. Lakini kitu fulani ndani yake kilijifunga, akatazama mbele kama asiyesikia, na Pola akajirudisha nyuma polepole kwa haya.

Mbio zilipoanza Pola aliruka na wale wa mbele. Sidi alimpita kabla ya nusu, msichana huyo amejishika ubavu, uso umekuwa wa kijivu. Hakugeuka. Kwenye kona ya mwisho hakumsubiri mtu; alifungua hatua zake akaingia miongoni mwa wale wa kwanza kabisa, na afisa akamgonga begani akisema, "Vizuri, dada. Ingia." Baadaye walimpima kimo, wakamtazama meno na nyayo, na mwisho wakamwita jina.

Kahonzi, aliyemngoja langoni, alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani. Karibu na lango Sidi akamwona Peterson, amesimama na wasichana wengine wawili waliovaa viatu vipya. Alikuja akitabasamu, mkono ameunyoosha, akiwaambia watu waliomzunguka:

"Mnamwona huyu? Huyu ni wangu. Nilimtoa kwenye kutembea. Si nilisema atapita?"

Watu wakamgeukia Sidi wakitarajia. Yeye akautazama ule mkono. Alikuwa na maneno mengi, ameyapanga mwaka mzima kwenye njia nyekundu, na sasa yote yalionekana mazuri mno kupewa mtu kama yule.

"Simjui," alisema. Kisha akawatazama wale wasichana wawili. "Nani kati yenu anakaa mbele?"

Wakatazamana. Mmoja wao, mrefu, akasema kwa kusitasita, "Mimi."

"Usisubiri filimbi."

Tabasamu la Peterson lilibaki usoni, ila mkono ulishuka. Sidi akamshika shangazi yake wakatoka langoni.

Nje, wale waliokosa walikuwa wameketi chini ya kivuli cha ukuta, wengine wakila miwa, wengine wakipiga simu nyumbani. Sidi aliwapitia mmoja mmoja akiwatazama nyuso.

"Unamtafuta nani?" Kahonzi aliuliza.

"Msichana mmoja. Anaitwa Pola. Miguu mitupu."

Muuza miwa alisema alimwona, alikuwa akilia, alinunua kipande kimoja akaondoka zamani. Alikwenda upande gani? Hakuangalia, wateja walikuwa wengi. Sidi alisimama kando ya barabara, akatazama huku na huku kati ya watu, mpaka shangazi yake alipomvuta mkono akisema jua limekuwa kali, waende.